Sina lukolo, sina kihamba

Siku tuliyomzika baba nilikaa kwenye mkeka usio wangu.

Tulifika Matombo, kwao baba huko milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kumepambazuka, mimi na wadogo zangu wawili, baada ya safari ya usiku kucha na jeneza kutoka Dar es Salaam. Ukishaiacha Bigwa na kupita Kiroka hadi Mkuyuni, barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili tulishuka kusukuma gari. Nyumbani watu walikwisha kujaa. Chini ya mfenesi palitandikwa mkeka mkubwa, wazee wanne wameketi, mmoja ana daftari la rambirambi na kalamu ameipachika sikioni. Nikavua viatu, nikaamkia, nikaketi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu, tena wa kiume. Kama mahali pangu si hapo, ni wapi?

Mzee wa daftari akanitazama juu ya miwani, akamgeukia mwenzake. Kiluguru changu ni cha kuombea maji, lakini swali nililielewa: huyu ni wa lukolo gani, yaani wa ukoo gani?

"Ni mtoto wa marehemu," akajibiwa.

"Aaa. Basi ni mgeni wetu. Mpeni kiti kule barazani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomwelekeza mgeni choo kilipo. Nikaokota viatu vyangu, nikaenda barazani, nikawakuta wadogo zangu wameshapewa viti vya plastiki, chai na mihogo ya kuchemsha. Aliyeitwa mkekani badala yangu alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda Mkuyuni. Alikuja mbio na jezi yake ya mpira, akaketi palepale nilipoinuka. Yeye ndiye aliyeulizwa kaburi lichimbwe wapi. Yeye ndiye aliyeulizwa padri aje saa ngapi. Mimi niliulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

Nilikasirika siku tatu. Nilidhani ni dharau za watu wa kijijini kwa mtoto wa mjini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile hakuna aliyenidharau. Nilikuwa nimekosea kusoma ramani tu.

Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Ukoo ndio lukolo, na ndani ya lukolo mna matawi. Tawi huitwa tombo, yaani titi: watu ambao, ukirudi nyuma mama kwa mama kwa mama, utafika kwa bibi mmoja aliyewanyonyesha wote. (Matombo yenyewe, wenyeji husema, iliitwa hivyo kwa ajili ya majabali yanayofanana na matiti. Kwa hiyo baba alizikwa nchi ya Matiti na watu wa titi lake, na wanawe tukinywa chai pembeni.) Baba ni wa lukolo wa mama yake. Shangazi, kwa kuwa ni dada yake, ni wa lukolo uleule, na watoto wa shangazi vilevile. Watoto wa baba hatumo. Upande wa baba unatupa jina, mtala kama wanavyouita, lakini ukoo tunatakiwa tuufuate kwa mama yetu. Baba na mwanawe, kwa hesabu hii, ni watu wa koo mbili wanaolala nyumba moja.

Wala si Waluguru peke yao. Majirani zao Wakutu, Wakwere, Wazaramo, Wakaguru na Wazigua wanahesabu hivyo, na ukishuka kusini utawakuta Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao. Ni eneo kubwa la nchi. Sisi tuliosoma shule za mjini tulifundishwa "ukoo" kama vile ni jina la mwisho kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la baba, basi. Mtu anaweza kukaa Morogoro mjini maisha yake yote, akanunua nyanya kila Jumamosi kwenye Soko Kuu la Chifu Kingalu, asijue kwamba cheo cha Kingalu hakitoki kwa baba kwenda kwa mwana. Kinatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Sasa shida yangu mimi. Mama ni Mchaga wa Rombo, Kilimanjaro.

Wachaga wanafuata baba, tena bila mzaha. Nikienda Matombo naambiwa: wewe fuata kwa mama yako. Nikienda Rombo naambiwa: mjukuu wetu karibu sana, ila kwenu ni kwa baba yako. Kila upande unanielekeza kwa adabu zote kwenye mlango wa upande wa pili. Shangazi mkubwa, dada yake baba, aliolewa na Mnyakyusa, na Wanyakyusa nao ni wa kufuata baba; kwa hiyo watoto wake wana shamba Tukuyu kwa baba yao na wana shamba Matombo kwa wajomba zao. Wamepata kotekote. Mimi nimekosa kotekote. Na wote tu wajukuu wa bibi mmoja.

Nikiwa mdogo sikujua kwamba nimekosa kitu, kwa sababu kila Desemba tulipanda Rombo kama Wachaga wote na huko nililelewa kama yai. Kitu ninachokikumbuka zaidi ni mbuzi. Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na majani ya mgomba yakatandazwa chini kama vitambaa vya meza. Mjomba mkubwa alishika kisu. Hakuuliza nani ana njaa. Hakuuliza nani anapenda nini. Kidari kiliwekwa peke yake, cha babu, na hata babu akiwa hana meno ya kukitafuna kilibaki kuwa cha babu. Halafu fungu la huyu, fungu la yule, la wake walioolewa pale, la jirani aliyeshika miguu ya mbuzi. Vipande vilipangwa kwenye majani, na mtoto wa miaka 8 akiyatazama mafungu yale angeweza kukuambia nani ni mkubwa wa nani bila mtu kufungua mdomo. Fungu langu lilikuwa dogo lakini lilikuwa na ini, na mjomba mdogo kila mara aliniongezea kwa siri kutoka kwenye lake. "Mtoto wa dada," alikuwa akisema, kana kwamba ni cheo.

Niliyoyaona kwenye majani yale yalikuwepo pia kwenye ardhi. Kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, ndicho kila kitu: hapo mnakula, hapo mnazikana, mipaka na makaburi yanaonekana kwa masale yaliyopandwa. Lakini kihamba hakitanuki. Desturi ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa chake mapema, na wa mwisho hubaki na wazazi na kurithi nyumba yao. Babu alikuwa na watoto wa kiume watano. Mjomba mkubwa alipata chake, mjomba mdogo akabaki nyumbani, na wale watatu wa katikati walipewa baraka. Mmoja yuko Arusha, mmoja Mwanza, mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo. Watu hupenda kusema Wachaga wana damu ya biashara. Mimi nikiwaangalia wajomba zangu naona hesabu ya migomba: ukizaliwa katikati, utajifunza kuuza.

Jambo jingine nililolichukulia la kawaida ni upole wa wajomba. Wa Rombo walinibeba mabegani, walininunulia viatu, nilipofeli darasa walicheka. Nilidhani mjomba ndivyo alivyo duniani. Kumbe baba, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akizima sigara na kuificha nyuma ya kisigino akimwona mjomba wake anapanda mlima. Mjomba yule nilimwona mara chache na kila mara alikuwa akiuliza maswali: shamba la kule bondeni limelimwa? Fulani ameposwa na watu gani? Kwa baba yake mzazi, baba alikuwa na utani na vicheko. Kwa mjomba alikuwa askari mbele ya afande.

Wataalamu wa mila za watu wameliandika hili zamani. Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliwakuta watu wa ukoo wa mama ambao baba ni rafiki wa mtoto na mjomba ndiye mwenye amri. Mwaka 1924 Radcliffe-Brown aliandika juu ya jamii za kusini mwa Afrika zinazofuata baba, ambako mjomba ndiye wa kudekeza na mpwa anaweza hata kumchukulia vitu vyake. Mimi sikuhitaji kwenda mbali hivyo; ningemuuliza baba kuhusu ile sigara. Anayekugawia ardhi hawezi kukuchekea sana. Ukimtoa kwenye ugawaji, papo hapo anakuwa mtu wa kukununulia viatu.

Kwa hiyo turudi kwenye ardhi, maana huko ndiko maneno yote haya yanakoshika mizizi. Matombo shamba ni la ukoo na mkuu wa tawi ndiye anayejua nani alime wapi. Asiye wa ukoo huo anaweza kukaribishwa alime, na kila mwaka hupeleka ngoto: kuku, au pombe, au kiasi kidogo cha pesa. Ngoto hailingani na kodi hata kidogo. Thamani yake ni ndogo kwa makusudi. Unachokitoa ni kukiri, kwamba ninalima hapa na ninajua si kwangu. Mgeni hakatazwi mahindi wala mpunga wa mlimani; anachotazamwa nacho ni mti. Mti hukaa kuliko mtu. Aliyepanda mkarafuu leo, miaka 30 ijayo wanawe watasema hapa ni kwetu, angalieni mkarafuu wa baba.

Na baba yangu alipanda mikarafuu. Alikuwa na haki, shamba ni la lukolo wake. Lakini alipofariki, mikarafuu ile ilibaki imesimama kwenye udongo wa binamu yangu, nasi watoto wake tukabaki na kumbukumbu ya kuichuma wakati wa likizo.

Waingereza waliwahi kuukanyaga udongo huu bila kuuliza ni wa nani. Baada ya vita ya pili walileta mpango wa kuzuia mmomonyoko Uluguru, na kila mtu akaamriwa achimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa ngumu, na matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba yakauleta juu. Lakini kulikuwa na kosa la pili, na kwangu hilo ni kubwa zaidi: amri zilipitia kwa watawala wadogo waliowekwa na serikali, wakati wakuu wa koo, ambao ndio waliokuwa na neno juu ya ardhi, walirukwa. Mwaka 1955 watu walikataa, kukawa na ghasia huku Matombo, risasi ikapigwa na mtu akafa. Mpango ukafia hapo. Baba alikuwa mtoto wa shule. Alichokikumbuka ni bibi yake kuchimbia jembe uani, chini ya majivu, ili wakija kumwita kwenye matuta aseme hana jembe.

Serikali yetu nayo, baada ya Uhuru, ilijaribu kuziandika mila hizi ziwe sheria. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na warithi wakapangwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, mabinti la tatu. Ukilisoma leo unaona kama mbuzi wa Rombo aliyegawanywa na karani. Ile hekima ndogo ya mjomba mdogo kuniongezea ini kwa siri haimo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akamshitaki kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema anayo, sawasawa na mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Naunga mkono uamuzi ule kwa mikono miwili. Lakini namwelewa pia mpwa. Aliona mtu wa nje anaingia na panga lake kwenye mahali alipozikwa babu yake.

Simu yangu ina majina 11 yanayoanzia na "Anko". Nilihesabu juzi. Kati ya hao wawili ni baba wadogo, mmoja baba mkubwa, watano wajomba, mmoja mume wa mama mdogo, na wawili sijui hata ni nani kwangu. Nadhani mmoja alituuzia kiwanja. Watoto wangu wanawaita wote anko na wanawake wote anti. Nilikuwa naona ni usasa tu, neno fupi, rahisi. Siku hizi linanitia wasiwasi kidogo. Mtu ukimwita baba mdogo umemwambia jambo: wewe ni baba, nikifiwa na baba yangu una sehemu ya kuijaza. Ukimwita mjomba umemwambia jambo jingine. Shangazi ana kazi yake kwenye harusi ambayo mama mdogo hawezi kumfanyia. Anko hana kazi. Anko anakuja na soda, anaondoka.

Chukua "binamu". Kwetu bara mtoto wa baba mdogo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa ni dada, na mabinamu ni watoto wa shangazi na wa mjomba. (Neno lenyewe kwa asili ya Kiarabu ni mtoto wa amu, yaani wa kaka yake baba, yule hasa ambaye sisi hatumwiti hivyo. Lugha nayo ina utani wake.) Nilidhani ni mazoea tu mpaka nilipochukua karatasi nikachora. Weka kaka na dada, kila mmoja azae nje ya ukoo wake. Ukifuata ukoo wa baba, watoto wao wamo koo tofauti. Ukifuata wa mama, tofauti vilevile. Binamu ndiye jamaa ambaye uanzie Rombo au uanzie Matombo, hawezi kuwa mtu wa ukoo wako. Ni wa karibu na ni wa nje. Ndiyo maana unaweza kumtania mpaka matusi, na kwa makabila mengi unaweza hata kumwoa.

Na Mwalimu Nyerere, alipotafuta jina la siasa yake mwaka 1962, alilichota humuhumu: jamaa, ujamaa. Tukaambiwa taifa zima ni jamaa na kila mtu ni ndugu, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Nalipenda wazo lile. Ila ndugu wa kweli ana fungu lake kwenye jani la mgomba na ana kazi yake msibani, na Ndugu Mkuu wa Wilaya sijawahi kumwona akishika miguu ya mbuzi.

Nilisema nilikasirika siku tatu. Siku ya kwanza ilipunguzwa na mtani. Kaburi lilipokwisha, mzee mmoja mfupi aliyekuwa akichimba tangu asubuhi, mtani wa lukolo wa baba, akajilaza ndani chali, akafumba macho, akatangaza hatoki mpaka apewe shilingi 10,000 na soda baridi, kwa kuwa marehemu alikuwa bahili na hawezi kumpisha bure. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Watani ndio wenye kazi hiyo: wanaosha, wanachimba, wanabeba, wananyang'anya, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Utani wa makabila nao husemwa ulikua hivyohivyo, katika vita zilizokwisha na katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, maana aliyefia njiani alihitaji mtu wa kumzika ambaye si nduguye.

Alipopewa soda akatoka, akanifuata mimi barazani. "Wewe Mchaga! Umekaa unapiga hesabu ya jeneza? Utamzika baba yako kwa risiti?" Akanitupia beleshi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa siku ile, na nilifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Baada ya siku 40 tukarudi kuondoa tanga. Binamu wa bodaboda akakalishwa kwenye kigoda, akavishwa koti la baba, lile la kahawia lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, akapewa panga lake, akapewa jina lake. Mzee wa daftari akatuita sisi watoto.

"Baba yenu huyu hapa. Msalimieni."

Mimi nilikuwa na miaka 43. Nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akajibu, uso mkavu kabisa. Nilimtazama kama atacheka. Hakucheka.

Nilidhani ni maigizo ya siku moja. Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike akaposwa, na washenga walipouliza waende kwa nani, mama akasema bila kusita: kwa baba yake. Akapigiwa simu. Akapanda basi la Morogoro hadi Dar, amevaa lile koti katika joto la Februari, akakaa kwenye kochi la mama na miguu ameikusanya. Rombo nako alikuja mjomba mkubwa, maana hakuna harusi ya mtoto wa dada bila yeye. Washenga wakatoa barua, wakaeleza, wakaweka bahasha mezani.

Hapo ndipo nilipoona sheria mbili za dunia zikikutana kwenye meza ya kahawa. Mjomba akasema, kwa heshima ya kabila lake, mahari ni ya baba, baba apokee. Binamu akasema, kwa heshima ya kabila lake, mahari bila mjomba haishikiki, mjomba apokee. Mjomba akasema hapana, baba. Baba, ambaye angeweza kuwa mwana wa mjukuu wa mjomba, akasema hapana, mzee, wewe ndiye. Washenga wakawa wanageuza shingo huku na huku kama watu wanaotazama mpira wa meza. Nadhani hawakuwahi kuona familia inayokataa pesa kwa namna ile. Na mimi, nisiye wa huku wala wa kule, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la glasi.

Mama akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Akaichukua bahasha, akaipachika kifuani. "Chakula kimeiva," akasema.

Shamba la bondeni kule Matombo bado tunalilima, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa kibarua. Mikarafuu tunaichuma nusu kwa nusu na binamu. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli ninapeleka ngoto. Mwaka wa kwanza nilipeleka jogoo, wa pili jogoo na shilingi 20,000. Nyumba ya Dar, ambayo baba aliijenga kwa mshahara wake, hakuna wa lukolo aliyeigusa hata kwa swali.

Juzi amenipigia. Nyuma yake nilisikia pikipiki inaunguruma na watu wanabishana nauli.

"Mwanangu," akasema, "mwaka huu jogoo usilete. Leta tairi ya nyuma, hii yangu imekuwa kipara."

Nimeshaulizia bei Kariakoo, kwa mjomba wa katikati. Amesema ataniuzia kwa bei ya mtoto wa dada. Nimeiangalia mara mbili na sijaelewa kama ni punguzo.